Bwana Yupi? Kazi, Kitabu na Kiboko Kule Frere Town

Kwa miongo mingi Wakenya waliulizwa swali moja redioni: je, huu ni ungwana? Kipindi hicho cha Leonard Mambo Mbotela kilianza mwaka 1966, na alipofariki Februari 2025 waliomlilia walikuwa wa umri wa bibi yako na wa umri wako pia, na kila mmoja alijua kuiiga ile sauti. Kipindi kilihusu adabu za kila siku, nyumbani, kazini, barabarani. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia neno ungwana tunaelewa ustaarabu, basi.

Mombasa ya karne ya 19 neno hilo lilikuwa na uzito mwingine. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Kinyume chake hakikuwa mshamba wala mkosa adabu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Na Mbotela, aliyelitamka neno hilo redioni karibu maisha yake yote ya kazi, alitoka katika ukoo wa Frere Town, ng'ambo tu ya Mji wa Kale, kijiji kilichoanzishwa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Sijui kama alikuwa akiliwaza hilo kila kipindi kikianza. Mimi nikilisikia sasa nawaza hilo tu.

Naanzia Frere Town kwa sababu ya msemo mmoja ambao siku hizi umetuzunguka kila upande: kazi ni ibada. Utausikia kanisani Jumapili, utausikia kwa meneja Jumatatu, na utausikia mara mbili zaidi pesa zikibana. Mwajiri anayechelewesha mshahara ndiye mwepesi kukukumbusha. Mwalimu wa mkataba anaambiwa ni wito. Dada anayekaa dukani mchana na kusoma diploma usiku anaambiwa avumilie, Mungu anaona. Siupingi msemo huo, nimelelewa nao. Lakini Mombasa iliwahi kuwa na kijiji kizima kilichojengwa juu yake, na wenyeji wake walikuwa watu waliojua kufanyishwa kazi kuliko sisi tutakavyowahi kujua. Wao ndio waliougeuza huku na huku wakaona una pande ngapi.

Hebu tuyatazame maneno kwanza, maana Kiswahili hakikuwarahisishia mambo. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Mtumishi naye ametoka hapo hapo kwenye kutuma, na mtume vilevile. Watu watatu, kitenzi kimoja, na tofauti yao yote iko kwa nani kawatuma na kama walikuwa na ruhusa ya kukataa. Mtumwa wa Mombasa alimwita mwenye kummiliki bwana, na akija kanisani anafundishwa kumwita Mungu Bwana. Ibada nayo ni neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na abdi, yaani mtumwa au mja. Kila Abdalla unayemjua Kibokoni jina lake lina habari hiyo ndani. Hata Kiebrania cha Agano la Kale kina kitenzi kimoja kinachobeba kulima bustani, kumtumikia mtu na kumwabudu Mungu. Na ule waraka wa Paulo kwa Wakolosai ambao wahubiri huutegemea sana wakitaka kutuhimiza kazini, wenye wazo la kufanya kazi kana kwamba Kristo ndiye mwajiri, ukiusoma sehemu yenyewe utaona anawaambia nani. Anawaambia watumwa.

Sasa msomee mtu aliyetolewa kwenye jahazi wiki iliyopita. Atasikia nini?

Hadithi ya Ukristo wa kisasa Mombasa kwa kawaida huanza na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Alihamia Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, akitoka Ethiopia alikofukuzwa. Tarehe 8 Juni mwaka huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyeketi naye kumsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, Kadhi wa Mombasa. Jambo hilo huwa linapitwa haraka haraka, nami naomba tusilipite. Maandiko ya Kikristo katika lugha hii yalianza kwa mikono ya mwanasheria wa Kiislamu aliyeona si vibaya kumfundisha mgeni lugha yake vizuri. Mji ule ulikuwa na mazoea ya zamani ya kuona elimu kuwa ibada. Mtu alikwenda kwa mwalimu wake baada ya swala, akaketi mkekani, akasoma. Krapf alikuja na imani yake, ila kikao chenyewe alikikuta.

Siku 35 baadaye, tarehe 13 Julai, Rosine akafa kwa homa, muda mfupi baada ya kujifungua. Siku mbili tena na kichanga kikafa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya maji, na Krapf mwenyewe alikuwa na homa. Aliendelea na kamusi. Mwaka 1850 akachapisha sarufi ya Kiswahili huko Ujerumani. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Waandishi wa kimisheni wamelisimulia hilo kama ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini Krapf alikuwa mtu aliyechagua. Angeweza kupanda meli akarudi kwao. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846, alikaa karibu miaka 30 hadi akapofuka, naye aliandika kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa bila kufika huko. Aliipata kwa mtumwa mmoja aliyekuwa Mombasa, jina lake Salimini. Kitabu kilichapwa mwaka 1877 na jina la Rebmann juu. Jioni zile Salimini alipokuwa akitoa maneno ya kwao moja baada ya jingine, Rebmann alikuwa anafanya ibada, hilo nakubali. Salimini alikuwa anafanya nini?

Frere Town ilikuja baadaye. Mwaka 1873 Waingereza walimbana Sultani Barghash wa Zanzibar atie sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini na masoko yake. Aliyetumwa kwanza kumshawishi alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa Gavana wa Bombay. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi, na kukawa na swali ambalo hakuna aliyelipangia jibu: watu hawa waende wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, watoto wasiojua hata njia ya kurudi. CMS ikamleta William Salter Price, na mwaka 1875 akanunua ardhi Kisauni, ukivuka tu maji kutoka Bandari ya Kale, akakipa kijiji jina la Frere.

Price hakuja mikono mitupu. Kabla ya hapo alikuwa akisimamia makao huko Sharanpur, karibu na Nasik nchini India, ambako Waafrika waliookolewa baharini miaka ya nyuma walipelekwa wakasomeshwa. Walijifunza Kiingereza na Biblia, wakajifunza na ufundi: useremala, uhunzi, uashi. Mombasa wakaitwa Waafrika wa Bombay. Baadhi yao, akina William Jones, Ishmael Semler na George David, walishafika Rabai tangu mwaka 1864 kumsaidia Rebmann. Price alipoanzisha Frere Town wakaongezeka wengine, karibu 150. Wao ndio waliojenga nyumba, waliofundisha shule, waliotafsiri mahubiri, waliotengeneza milango na majembe. Ukiambiwa misheni ilijengwa na Wazungu wachache wenye homa, tabasamu tu.

Fikiria watu hao wakivuka kwa mtumbwi kwenda mjini. Wamevaa suruali na koti, wana majina kama Semler na Wellington, wanaongea Kihindustani wenyewe kwa wenyewe, na Kiswahili chao kina kutu. Katika Ndia Kuu kila mtu anamjua kila mtu kwa baba na babu. Wao hawana baba wala babu wa kutaja. Waungwana wa mji wanawaona watumwa waliovaa vizuri. Wamisionari nao wanawaona wenye kiburi, na wanaandika hivyo kwenye barua zao. Kitu pekee ambacho mtu wa Bombay angeweza kukionyesha ili athibitishe yeye ni nani ni kile alichojifunza: kitabu anachoweza kukisoma, mbao anayoweza kuifanya mlango.

Hapo ndipo naona msemo wetu ulipata maana yake ya kwanza. Mtumwa akifanya kazi, kazi yenyewe si yake. Jasho lake, mazao yake, watoto wake, vyote vya bwana. Lakini alichokijua hakuna wa kukichukua. Ukimfundisha mtu kusoma, huwezi kesho kumnyang'anya. Kwa watu waliowahi kuuzwa zaidi ya mara moja, somo la herufi lilikuwa mali ya kwanza ambayo mnunuzi asingeweza kuikamata. Sishangai walikuwa wakienda darasani kama watu wanaokwenda kusali. Na kwa kweli ilikuwa jengo lile lile.

Ila kijiji kilihitaji kula. Watu walipewa viwanja na vipande vya shamba, na misheni ikawafanyisha kazi zake kwa ujira mdogo: kusafisha msitu, kujenga, kulima. Kengele iliwaita kazini, kengele hiyo hiyo ikawaita kwenye sala. Na kulikuwa na hofu ya nje. Wenye mashamba wa Mombasa waliona watumwa wao wakitoroka na kuelekea misheni, na mwaka 1880 mambo yalichemka hadi kukawa na vitisho vya kukivamia kijiji. Wenyeji husimulia mpaka leo kwamba kengele ilipigwa kutoa tahadhari majahazi ya watumwa yakionekana.

Msimamizi wa kijiji miaka hiyo alikuwa J. R. Streeter. Hakuwa kasisi, alikuwa mtu wa kazi. Aliamini bidii. Kijiji chini yake kilipendeza, barabara zikanyooka, mashamba yakazaa, na wageni wakasifu. Alikuwa pia na kifungo chake na mjeledi wake. Wavivu, wagomvi, wazinzi, wakaidi, wote aliwahukumu mwenyewe na kuwachapa. Watu waliotolewa kwenye jahazi ili wasichapwe tena wakavuliwa shati kwenye ardhi ya kanisa. Habari zikafika Zanzibar kwa Konsela Mkuu wa Uingereza, John Kirk. Mwaka 1881 ukafanywa uchunguzi, na London ikaona aibu. Streeter akaondoka na Price akarudishwa kutuliza mambo.

Ni rahisi kumalizana na Streeter kwa kusema alikuwa mkatili. Sidhani kwamba ndivyo alivyojiona. Nafikiri aliamini kwa dhati kwamba kazi ni ibada, na kwamba asiyefanya kazi anamkosea Mungu, na anayemkosea Mungu anahitaji kurudishwa kwenye mstari. Ukishaifanya kazi kuwa ibada, uvivu unakuwa dhambi, na dhambi inahitaji mtu wa kuiadhibu. Msimamizi anageuka kuwa kuhani. Huwezi kumwambia nimechoka, kwa sababu hasikii umechoka, anasikia umekufuru. Kitu kile kile kilichomwinua seremala wa Bombay kikawa kamba ya kumfungia Myao aliyefika jana.

Uzuri wa historia ni kwamba watu wenyewe hawakungoja tuwachambulie. Wengine walitoroka Frere Town, na hilo pekee linasema mengi. Wengine walibaki wakalalamika kwa Kiingereza safi walichofundishwa na misheni. Ndiyo hasara ya kumsomesha mtu, bwana: atakuandikia barua.

Kuna wawili hasa ambao kila nikisikia ule msemo huwakumbuka.

Wa kwanza ni Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyesomea Nasik. Mwaka 1872 alipelekwa bara pamoja na wenzake kadhaa wa Nasik, Matthew Wellington akiwemo, wakamfuate David Livingstone. Livingstone alifia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wazungu hawakuwepo. Wale watu wake wangeweza kumzika na kila mmoja akaenda zake. Mshahara wenyewe haukuwa na uhakika tena. Walikausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi hadi pwani. Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko moyo wa marehemu ulipozikwa pale chini ya mti, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye gome lake. Vitu vya marehemu vikaandikwa kimoja kimoja. Hebu tulia hapo kidogo. Katika msitu, na njaa, na mvua, na hatari ya kushambuliwa kwa sababu ya kubeba maiti, kijana aliyewahi kuwa bidhaa kwenye orodha ya mtu anaandika orodha. Hakuna aliyemsimamia. Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza ndani ya Westminster Abbey, mwenyewe kutoka msafara ule. Baadaye akarudi Afrika Mashariki, akafundisha, akahangaika huku na huku, akafariki Urambo mwaka 1892 bila makuu.

Wa pili ni William Jones. Tarehe 31 Mei 1885, Askofu James Hannington alimpa yeye na Semler daraja la ushemasi pale Frere Town. Ushemasi maana yake ni utumishi, na nimeshakuambia mtumishi ametoka wapi. Haikupita miezi miwili, Hannington akamchukua Jones kwenye safari ya kwenda Buganda kupitia nchi ya Wamaasai, na wapagazi karibu 200. Walipofika kwa Sundu, Mumias ya leo, askofu akatangulia na watu 50 akamwacha Jones na wengine wote wamngoje. Tarehe 29 Oktoba Hannington akauawa Busoga, na karibu wote aliokwenda nao. Jones akabaki na msafara wa watu wenye njaa na hofu, maelfu ya hatua kutoka pwani, na akawa akiandika kila siku kilichotokea. Aliurudisha nyumbani. Februari 1886 waliingia Rabai na bendera ya buluu yenye neno moja, Ikabodi, kutoka kitabu cha Samweli: utukufu umeondoka.

Hannington ana makanisa na shule zenye jina lake. Kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa, lile jeupe la Nkrumah Road lenye matao ya Kiarabu ambalo wageni hudhani ni msikiti, lilikamilika mwaka 1905 kwa ukumbusho wake na wa wenzake. Jones alirudi Rabai kazini.

Na kazi yake Rabai ndiyo ninayoipenda zaidi, ingawa haina picha nzuri kama ya bendera. Miaka hiyo ilikuwa mibaya. Mwaka 1884 njaa kali ilipiga pwani yote, watu wa kaya za Mijikenda wakaweka hata watoto rehani kwa chakula, na vituo vya misheni vikajaa. Juu ya hapo walikuja watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Amri ya misheni ilikuwa wasipokewe, kwa sababu kisheria walikuwa mali ya watu na kuwapokea kungeleta vita na mji. Jones alikuwa mchungaji pale. Yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyewahi kuuzwa. Watoro wakaingia, wakajenga, wakalima, wakaketi darasani, na kwa namna fulani wakubwa wa misheni hawakujua idadi yao mpaka ikawa haiwezekani kutojua. Mwaka 1888 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipofika Mombasa ikakuta mgogoro tayari, na mkuu wake, George Mackenzie, akaamua kuwalipa wenye watumwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru pale Rabai.

Unaweza kusoma hilo kama ukarimu wa Mackenzie, na vitabu vingi vimefanya hivyo. Mimi naona miaka ya darasa na jembe iliyotangulia. Watu 1,400 hawakomboleki wakiwa wametawanyika porini. Walikombolewa kwa sababu walikuwa kijiji: wana mashamba, wana majina kwenye kitabu cha kanisa, wana watoto wanaojua a-e-i-o-u. Kazi yao ya kila siku iliwafanya wawe wengi mno wa kurudishwa. Kama hiyo haikuwa ibada, basi sijui.

Tofauti ya Rabai ya Jones na Frere Town ya Streeter haikuwa kwenye kazi. Majembe yale yale, alfabeti ile ile, zaburi zile zile. Mtoro wa Rabai alikuja kwa miguu yake na angeweza kuondoka kwa miguu yake. Mchungaji wake alijua mnada unanukaje. Nadhani ndiyo maana hakuhitaji mjeledi.

Sitaki kumpamba mtu. Wakati huo huo kule mjini kulikuwa na mmisionari aliyejua kwamba hata yeye ni mwanafunzi: W. E. Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880, akavaa kanzu na kuketi miguuni pa Mwalimu Sikujua wa Mji wa Kale. Kwa Mwalimu Sikujua alipata mashairi ya Muyaka bin Haji, na kwa hayo tu tunadaiwa shukrani na wote wawili. Lakini Taylor huyo huyo alisimama sokoni kuwahubiria majirani za mwalimu wake kwamba wamepotea. Mtu anaweza kujifunza kwa unyenyekevu asubuhi na kujisahau jioni.

Vivyo hivyo misheni. Kufikia miaka ya 1890 wamisionari vijana waliokuja kutoka Uingereza walikuwa hawana hamu na Waafrika wa Bombay. Walitaka Wakristo wa kijijini, wanyenyekevu, si mashemasi wenye miwani wanaouliza kwa nini mshahara wa Mwafrika ni sehemu ndogo ya ule wa Mzungu aliyefika juzi. Malalamiko ya vyeo na mishahara yalizunguka miaka mingi. Walijibiwa kwa lugha ya kiroho. Wito, sadaka, uvumilivu. Tunaijua lugha hiyo, bado iko kazini.

Walichofanya wengi, na hasa watoto wao, ni kuondoka. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa kuelekea bara, na kila ofisi mpya ilitaka mtu anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kijana wa Frere Town alikuwa anayo yote matatu, na lugha mbili juu. Wakawa makarani, wakalimani, walimu, mafundi. Wengine walibaki na kanisa: mwaka 1903 ilianza pale shule ya kuwafundisha wachungaji, ikahamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 kijiji hiki kilikuwa kinasoma na kufanya kazi, na ng'ambo ya maji mtu bado anamilikiwa.

Mwaka 1934 mwalimu mmoja wa Frere Town, James Mbotela, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Kinasimulia jinsi Wayao walivyotekwa, safari ya kwenda pwani, jahazi, manowari, na kijiji. Wasomi wa baadaye wamekisema sana kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza, na wana haki. Kuna kurasa ambazo ukizisoma leo unakunja uso. Lakini kitazame kama kitu kilichotengenezwa na fundi. Mtoto wa watu waliookolewa ameketi, baada ya vipindi vya shule, akaandika kwa Kiswahili cha kueleweka habari ambazo waungwana wa mji wasingetaka kuzisikia na wamisionari walikuwa wanazisimulia wao kwa niaba ya wengine. Hakuagizwa na bwana yeyote kufungua sura na babu zake. Alifungua nao.

Mwaka uliofuata, Matthew Wellington akafariki Mombasa, mzee sana, wa mwisho kati ya waliobeba ule mwili kutoka kwa Chitambo. Kengele ya Frere Town bado iko kwenye mnara wake upande wa Nyali. Makondakta wa matatu za Bamburi na Kisauni huita jina lake siku nzima, Kengeleni, Kengeleni, nani anashuka, na watu wanashuka wakielekea kazini.